Uzi Mdomoni mwa Zapletal

Květoslav Zapletal alikuwa akisema kwamba kuzima mashine ili uitengeneze ni sawa na kumuua mgonjwa ili apasuliwe bila kupiga kelele. Alimwambia hivyo kila mgeni aliyefika ofisini, hata mleta maji. Mimi niliketi meza iliyopakana na yake, kazi yangu ikiwa kuyajaribu maandishi yake ya kompyuta kabla hayajaharibu kitu, na neno hilo nililisikia mpaka nikatamani huyo mgonjwa awe yeye.

Mashine yenyewe tuliiita Bibi. Ilikaa katika chumba baridi nyuma ya ofisi yetu hapa Brno, mtaa wa Židenice, ikiuza tiketi za mabasi ya vijijini. Popote Moravia kusini mtu alipopanda basi, Bibi ndiye aliyemkatia tiketi. Zapletal alimwasha kwa mkono wake alipokuwa mpya, na tangu hapo hakuzimwa hata mara moja. Watu wengine huzima mashine zao Jumapili usiku, wakabadilisha kiini cha mfumo, wakaziwasha, wakaenda kulala. Zapletal alimbadilisha Bibi kiini huku Bibi mwenyewe anatembea, tiketi zinaendelea kuuzwa. Bibi alikuwa amezeeka sasa, vipuri vyake havitengenezwi tena, na wote tulijua kwamba siku akizimwa hataamka.

Kiini ndicho kinachoamrisha kila kitu ndani ya kompyuta: nani apate nafasi, nani asubiri, nani azungumze na diski. Kikigundulika kina tundu, wezi huingilia hapo hapo. Zapletal aliandika kiraka, yaani maagizo mapya machache, akakipenyeza ndani ya kiini bila kukisimamisha. Kuanzia hapo kila kazi iliyofika kwenye maagizo ya zamani ilielekezwa kwenye mapya. Ila kuna sharti. Kazi iliyokwisha kuingia kwenye maagizo ya zamani lazima iachwe itoke kwanza. Ukiihamisha katikati ni kama kumng'olea mtu ngazi akiwa amekanyaga kidato. Kwa hiyo kiraka husubiri. Kazi moja inavuka, nyingine inavuka, na ya mwisho ikivuka skrini inaandika kwamba imekwisha.

Mama yake Zapletal alitoka mashariki ya Slovakia, na alimlea kwa imani yake kwamba ukishonewa kifungo shati likiwa mwilini, unauma uzi na kunyamaza mpaka mshonaji amalize, la sivyo atakushonea akili pamoja na shati. Zapletal alikuwa mhandisi mwenye digrii mbili. Hakumwamini Mungu, hakuviamini vyama, hakuniamini mimi. Lakini kila alipoanza kumtia Bibi kiraka alikata kipande cha uzi mweupe, akakiuma kwa meno ya mbele, na hakutoa neno mpaka skrini iseme imekwisha. Tulimcheka kichinichini. Zaidi tulifurahi, maana ndiyo nafasi pekee ofisi ilipata kupumua, kejeli zake zikiwa zimefungwa mdomo.

Na kejeli zake hazikuwa na kiasi. Kipenzi chake katika hizo alikuwa meneja wetu, Radovan Štych, aliyeletwa kutoka Praha na viatu vyake vya ncha. Hapa Brno kengele za kanisa la Petrov hupiga saa sita ikiwa saa tano. Hata mtoto mdogo anajua sababu: Waswidi waliuzingira mji, jemadari wao akaapa kuondoka kama hajauteka kabla ya kengele ya saa sita, na wazee wetu wakaipiga saa nzima kabla ya wakati. Jemadari akafunga virago. Mpaka leo inapigwa hivyo, na kila ilipopigwa Zapletal alipaza sauti kuelekea mlango wa Štych.

"Bwana mkubwa, hujaenda kula? Saa sita hiyo."

"Ni saa tano, Zapletal."

"Labda huko kwenu Praha. Hapa saa sita ni kengele. Ukifika kwa wenye chongo, na wewe fumba jicho."

Ofisi ilicheka. Siku ya kwanza Štych alicheka pia. Baadaye hakucheka, na Zapletal hakuona, kwa sababu mtu anayependa utani wake mwenyewe hatazami uso wa anayetaniwa.

Nyumbani Zapletal hakuwa na mtu. Mkewe wa zamani, Drahuše, alikuwa ghorofa ya chini ya ofisi yetu, mapokezini. Kazi ile Zapletal ndiye aliyemtafutia walipokuwa bado wanapendana, na walipoachana kila mmoja aliapa kwamba hatakuwa yeye wa kuhama. Hawakusemezana. Wakiwa na la kuambiana walinipitishia mimi, hata wakiwa wamesimama mbele ya lifti moja.

"Blažena, mwambie yule bwana mzigo wake umefika."

"Blažena, mwambie yule mama nimeuona, sina chongo."

"Mwambie kwamba kuona hakujawahi kuwa tatizo lake. Kuangalia ndiko kulikomshinda."

Niliyapeleka maneno hayo hatua tatu kutoka sikio hadi sikio, na sikuwahi kulipwa hata kikombe cha kahawa.

Walichoachania nilikishuhudia. Baba yake Drahuše alifariki wakati wa kuvuna zabibu, wakamzika kijijini kwao, na nusu ya ofisi tulikwenda. Asubuhi ile ile lilitangazwa tundu jipya la kiini. Wakati padri anasoma, Zapletal aliweka kompyuta yake ndogo juu ya kaburi la jirani, kaburi la marumaru lenye picha ya bibi mmoja aliyevaa kitambaa, akaanza kupenyeza kiraka, uzi mdomoni. Kijiji kizima kilimtazama. Watu walimpa mkono wa pole, naye akaitikia kwa kutikisa kichwa, uzi unaning'inia kidevuni. Jeneza lilipokwisha kushuka, Drahuše alimwendea na udongo kiganjani amwombe waende waurushe pamoja. Hakugeuka. Aliinua kidole kimoja: subiri.

Akasubiri. Mimi nilimwona anavyosubiri, udongo unamdondoka katikati ya vidole. Kisha akaenda akaurusha peke yake. Zapletal alipomaliza aliutoa uzi, akatufuata na uso unaong'aa, na neno lake la kwanza katika mazishi ya mkwewe likawa, "Bibi hakuzimika." Hakuomba radhi siku ile wala baada yake. Drahuše alipoidai mbele ya hakimu alijibu kwamba tundu halichagui siku. Nilimdharau kwa hilo, na nilikuwa bado namdharau ilipofika asubuhi ninayotaka kuisimulia.

Asubuhi hiyo lilitangazwa tundu ambalo hata Štych, asiyejua kiini wala koko, alilielewa. Wezi walikuwa tayari wanalitumia. Wenye mabasi watatu walifika wenyewe, wakaketi mapokezini kwenye makochi, wakakataa kuondoka bila jibu. Štych akaja mezani kwa Zapletal na kusimama nyuma yake.

"Wenye mabasi wako chini. Saa sita nawapa jibu. Ama tundu limezibwa, ama namzima Bibi na tiketi zinahamia mashine ya Praha. Iko tayari, inasubiri neno langu."

"Nani atakuwekea viraka huko Praha?"

"Hakuna haja. Huko tunazima na kuwasha kama watu wenye akili." Akamwekea mkono begani. "Bibi akizimwa, mhandisi, na wewe unakwenda nyumbani. Hilo unalijua."

Alilijua, nasi pia tulilijua. Mkataba wake ulikuwa wa Bibi tu. Pensheni ilikuwa karibu lakini bado, na katika mji huu nani angemchukua mzee mwenye ulimi ule? Bila Bibi alikuwa na chumba kimoja na sweta mbili.

"Saa sita," alisema Zapletal bila kugeuka. "Usiogope, bwana mkubwa. Hutakuwa umemaliza hata mkate wako wa rohlík wa asubuhi."

Štych alirudia taratibu, "Saa sita," akaondoka.

Zapletal aliandika kiraka hicho mwenyewe, kwa sababu waliotengeneza kiini walikuwa bado hawajatoa cha kwao. Niseme ukweli, kilikuwa kizuri. Kifupi, safi, hakikugusa kitu kisichohusika. Nilikijaribu kwenye mashine ya pembeni, kikakaa. Akakata uzi, akauma, akakipenyeza kwa Bibi. Kazi zikaanza kuvuka, tiketi za Hodonín, tiketi za Kyjov, hesabu, saa, zote moja moja kama kondoo mlangoni. Kisha zikasimama. Ilibaki moja.

Moja hiyo ilikuwa imelala ndani ya maagizo ya zamani kabisa, na haikuwa na dalili ya kuamka. Nikaifuatilia nijue ni ya nani. Ilikuwa kazi ya kuchapa orodha ya wageni, iliyoanzishwa kwenye kompyuta ya mapokezi zamani, ikapitia kwa Bibi kwenda kwa printa ambayo tuliitupa tulipopaka rangi ukuta. Kazi ilikuwa bado inaisubiri printa ile. Usingizi wa namna hiyo hausikii hata amri ya kuuawa. Ungeichomoa kompyuta ya mapokezi, ingesubiri milele. Dawa ilikuwa moja: aliyeituma kazi akubali kwenye skrini yake kwamba haitaki tena.

Zapletal alisoma, akaelewa kabla yangu. Akaninyoshea kidole, kisha akakielekeza sakafuni.

"Mimi tena?" nikasema. Nikashuka.

Wenye mabasi walikuwa kwenye kahawa ya pili. Drahuše alikuwa anapanga bahasha, nywele zake zimefungwa vizuri, lipstiki haijahama mahali.

"Drahuše, una kidirisha kwenye skrini kinachosema printa haijibu?"

"Kipo pembeni tangu printa yenyewe itupwe. Nimekwisha kukizoea."

"Kighairi, tafadhali."

"Nani anataka?"

"Bibi."

"Bibi hana mdomo. Nani anataka?"

"Unajua ni nani."

"Basi ashuke aseme." Akabonyeza kitufe, skrini ikajifunga ikataka neno la siri. Halafu akaendelea na bahasha zake. "Usininunie, Blažena. Hujawahi kuuliza kwa nini wewe ndiye tarishi wetu. Ni kwa sababu ukifika wewe, yeye hahitaji kufika."

Nilipanda juu na kumweleza. Akatikisa kichwa. Nikamwambia kuna njia nyingine, anaweza kulazimisha kiraka kivuke hivyo hivyo, wengine hufanya. Alinitazama kana kwamba nimemtukania mama. Na alikuwa na haki, kazi ile ikiamka imekanyaga hewa ingeweza kumwangusha Bibi mzima. Akaketi. Akatazama saa ya ukutani, kisha ile kazi moja iliyolala, kisha saa. Hatimaye akainuka, akajifuta mikono kwenye sweta, akatoka na uzi wake mdomoni. Nilimfuata. Sitasingizia huruma, nilitaka kuona.

Kwenye korido Štych alikuwa amesimama mlangoni pa chumba cha Bibi. "Unakwenda wapi, mhandisi?" Zapletal alimpita, hakuweza kujibu. Štych akatazama saa yake ya mkononi na kutabasamu.

Chini, Zapletal alisimama mbele ya meza ya mapokezi, mrefu, uzi unaning'inia. Drahuše hakuinua macho. Zapletal akaigonga meza. Drahuše alipotazama, Zapletal akaelekeza mkono kwenye skrini yake, kisha akainua kidole kimoja. Alimaanisha bonyezo moja tu. Nina hakika alimaanisha hivyo.

Rangi ilimtoka Drahuše usoni, ikabaki ile ya mdomo.

"Kidole hicho nakijua," alisema. "Kishushe."

Akakishusha.

"Toa huo uzi useme kama mtu."

Sikuwahi kumwona akiutoa kabla ya wakati. Aliutoa kwa vidole viwili, umelowa, akaushika asijue pa kuuweka.

"Drahuše. Ghairi kile kidirisha."

"Hivyo ndivyo mama yako alivyokufundisha?"

"Naomba ukighairi."

"Nitakighairi. Kwanza waambie hawa wageni ulinifanyia nini siku ya kumzika baba."

Mwenye mabasi mnene, wa Kyjov, alianza kuinuka. "Mama, labda sisi tusogee nje..."

"Keti. Kwetu kijiji kizima kilishuhudia, nyinyi watatu hamtazidisha kitu."

Zapletal aliuzungusha uzi kidoleni. "Nilikuwa na kazi siku ile. Kulikuwa na tundu..."

"Sijauliza kuhusu tundu."

Hapo ndipo kengele za Petrov zilipoanza, kwa mbali, juu ya mapaa. Zapletal alizisikia, na mabega yake yakalegea. "Saa tano," akajisemea. "Bado nina saa nzima." Akaegemea meza kwa mikono miwili kama mtu aliyepata pumzi.

Simu ya mapokezi ikalia. Drahuše akaipokea.

"Mapokezi. Ndiyo. Ndiyo, yuko hapa." Akasikiliza. "Nimesikia, bwana Štych. Nitamwambia."

Akairudisha mahali pake, akainyosha waya wake. Akamtazama Zapletal kwa muda.

"Endelea," alisema.

Akaendelea. Mwanzoni alisema kama anayevutwa kwa kamba: kwamba aliweka kompyuta juu ya kaburi la watu, kwamba padri alimwona, kwamba hakumjibu mtu pole. Drahuše hakuondoa macho kwake. Macho hayo yakamkamua zaidi. Akasema kwamba alimwona anakuja na udongo, alimwona vizuri, na kwamba kidole kile hakikuwa cha kusubiri, kilikuwa cha kumfukuza. Akasema kwamba kiraka kilikuwa kimekwisha zamani. Skrini iliandika imekwisha wakati jeneza linashushwa, naye akabaki ameinama pale, uzi mdomoni, kwa sababu aliogopa kulia mbele ya wakwe na uzi ulimpa sababu ya kutosema. Alimpenda yule mzee. Mzee ndiye mtu pekee aliyewahi kumwita mwanangu.

Hilo hata mimi sikulijua. Mwenye mabasi wa Kyjov alichungulia ndani ya kikombe chake kitupu.

"Nisamehe, Drahuše," alisema Zapletal. Machozi yalimfuata mikunjo ya mashavu na kuingia kwenye sharubu, na hakuyafuta. "Si kwa ajili ya Bibi. Hata usipobonyeza. Nilikukosea, nilijua, na nikaendelea kukukosea kila siku nilipopita hapa bila kukusalimu."

Nikadhani nitaona kitu kizuri. Mjinga mimi. Mkono wa Drahuše ulikwenda kwenye kibodi, akaandika neno la siri, akakitafuta kile kidirisha kwenye pembe ya skrini na kukighairi. Kikatoweka.

Zapletal alifumba macho, akatabasamu. Niliwajua wote wawili kwa muda mrefu na sikuwahi kumwona mtu yule akitabasamu bila kumcheka mwingine. "Imevuka," alisema. "Zote zimevuka. Asante, mama." Hivyo ndivyo alivyokuwa akimwita walipokuwa mke na mume.

"Haikuvuka," alisema Drahuše.

"Imevuka. Ilikuwa imebaki hiyo moja."

"Aliyepiga simu ni Štych. Amesema nikwambie kwamba Brno saa sita ni kengele, wewe mwenyewe ndiye uliyemfundisha. Ilipolia akamzima Bibi."

Zapletal aligeukia ngazi, kisha akamgeukia yeye. Alikuwa bado ameshika uzi. Nilimwona akihesabu kimoyomoyo, akirudi nyuma neno kwa neno, kutoka msamaha hadi mzee, kutoka mzee hadi udongo, mpaka kwenye simu.

"Ulikuwa umekwisha kujua," alisema. "Uliposema endelea."

"Nilijua."

"Sasa kwa nini uliniacha niseme yote yale? Drahuše. Kwa nini?"

Drahuše aliinua kidole kimoja, asubiri, akawageukia wenye mabasi na kuwaambia kwamba wanaweza kupanda juu, bwana Štych yuko tayari kuwaona.